Lori la Kuamia Mpunga

Majengo, Dodoma
5 Aprili 1998

Kwa mume mwenzangu Mzee Bartolomayo,

Shikamoo. Nimekuamkia mara moja, usidai ya pili, maana mimi na wewe tumeoa mwanamke mmoja na heshima ikizidi ataona tunambembeleza. Mke wetu hajambo? Mwambie kijana wake wa mjini bado anampenda, na nikija atachagua mwenyewe, yule mwenye meno au yule mwenye fimbo. Mimi mzima kama chuma cha reli. Mvua hizi za elinino zimeangusha ukuta wa choo cha mwenye nyumba wangu, sasa tunaingia kwa kukohoa. Shangazi Elieth kajifungua mtoto wa kiume. Wanasema kafanana na wewe, maskini. Kazini gereji mambo safi, mafundi wananitegemea, asubuhi nisipofika hakuna gari linalotoka.

Sasa jambo lenyewe. Halfani, yule wa behewa la mizigo, kaniambia kamwona mdogo wangu Erica juu ya dungu shambani kwako, anapiga debe kufukuza ndege, na siku yenyewe ya shule. Babu, Erica yuko darasa la saba! Mwalimu mkuu kasema mtoro hapelekewi jina kwenye mtihani, na majina yanakwenda mwisho wa Juni. Mimi shule ilinishinda, nilitoka kidato cha pili kwa mlango wa nyuma, lakini yule ana kichwa. Katika ukoo huu vichwa vimegawiwa watu wawili, yeye na mimi, na changu kina matumizi mengine. Kwa nini anaamia yeye? Wewe uko wapi?

Usijibu, dawa ninayo. Nimepata lori. Yule Mzungu wa kuchimba visima amemaliza mkataba, akaniachia mimi, Damas, akawaacha mafundi wote wanatazama. Lina injini ya kweli, linakunywa mafuta yake ya peke yake yanayonuka kama dawa ya kidonda, na likiwaka mbwa wa Majengo wanaomba uhamisho. Unaliendesha ukiwa umesimama pembeni, umeshika kisanduku chenye eriali. Linakaa juu ya meza na nafasi ya kikombe cha chai inabaki. Hilo ndilo litakaloamia mpunga badala ya Erica. Bibi anakaa kivulini, analizungusha juu ya kingo za majaruba, kwelea wote wanahamia Singida.

Nimelifungua lote, nimelibadilisha. Kuna gia mbili zinazoumana, ndogo iko kwenye injini, kubwa iko kwenye ekseli. Ile ndogo ukiiongezea meno, lori linakimbia lakini halina nguvu. Ukiipunguzia, linatambaa lakini linavuta. Na matairi hivyohivyo, kuna laini ya pakavu na kuna ya makucha kwa matope. Kwa hiyo nijibu jambo moja tu, na ulijibu kama mtu mzima: shamba lina matope au limekauka?

Ni mimi mwenye mke,
Damas

*

Bahi
22 Aprili 1998

Kwa mwizi wa wake za watu, Damas,

Mbukwa. Barua yako imefika imelowa, imenuka samaki, lakini tumeisoma. Bibi yako Ruthu anasema hataki mwanamume anayekwenda chooni kwa kukohoa. Mtoto wa Elieth kama kafanana na mimi mshukuruni Mungu, angeweza kufanana na wewe. Reli ilikatika wiki mbili, chumvi ikaadimika, sasa wameirudisha. Mguu wangu unauma kidogo ukielekea mvua. Mengine salama.

Habari za lori zimetufurahisha mno. Lile la meza nimemsomea bibi yako, amecheka mpaka amekaa chini. Wewe tangu utotoni ni hivyo, uliwahi kutuapia umemwona sungura anaendesha baiskeli. Mimi na wewe hatujawahi kuambiana neno lililonyooka, ndiyo raha ya babu na mjukuu, lakini nina akili ya kuchambua. Nimeelewa kwamba ni lori dogo, si yale yenye tela. Na hilo la kusimama pembeni na kisanduku nimelielewa pia: umeajiri dereva, wewe unasimama pembeni na redio. Umekuwa tajiri, hongera.

Matope yapo mpaka magotini. Ng'ombe wa Mazengo amezama kwenye njia ya kutoka stesheni, wamemtoa kwa kamba. Nimemweleza Mwenyekiti Kefa kwamba lori linakuja. Akauliza, "Linabeba gunia ngapi, Mzee Bartolomayo?" Unajua siku hizi wanunuzi wa watu binafsi wanaishia stesheni, hawataki kuchafua gari, na sisi tunabeba mpunga kichwani hadi wao wanapotaka. Nijibu, wanangoja.

Ndege wapo. Erica hajambo, anakusalimu.

Babu yako,
Bartolomayo

*

Majengo, Dodoma
3 Mei 1998

Kwa mzee asiyejibu barua,

Shikamoo, japo hustahili. Mwezi umekwisha hujaandika, au mke wetu kakunyang'anya kalamu? Huku wazima. Mtoto wa Elieth kaitwa Optatus, analia usiku kucha, sauti ya kwako kanisani.

Kwa kuwa hukujibu, nimeamua mwenyewe kwamba shamba limekauka, maana huku mjini pamekauka. Nimeliwekea lori matairi laini, nimeyachonga kutoka kwenye malapa mapya ya mpangaji mwenzangu, yeye bado anayatafuta. Gia ndogo nimeiondoa, nimeweka yenye meno kumi na sita. Unajua nimeipata wapi? Kwenye mashine ya fotokopi iliyotupwa nyuma ya ofisi moja ya serikali! Plastiki ngumu, meno yamekaa sawasawa. Juzi nimelijaribu kwenye kiwanja cha mpira. Babu, lilipita! Mama Dorkasi muuza karanga alisikia mlio tu, kugeuka, karanga ziko chini. Akanikimbiza na ungo. "Damas, hicho ni kitu gani, hicho?" Nikamwambia ni maendeleo, mama.

Ngoja, nimeacha kalamu kidogo. Halfani amenipa barua yako sasa hivi. Kumbe uliandika tarehe ishirini na mbili! Imekaa wapi?

Matope mpaka magotini! Na mimi nimeshaweka matairi ya malapa! Yatateleza kama sabuni. Haya, nayang'oa. Nitakata makucha kutoka kwenye kisigino cha gambuti, niyabandike moja moja. Na meno kumi na sita hayafai, kwenye matope injini itakaba na kuzima. Narudisha yenye meno kumi na tatu.

Kuhusu gunia, nimecheka. Mwambie Mwenyekiti litabeba gunia arobaini, na wewe juu yake umekaa kama bwana harusi!

Lakini babu, nimekuuliza kuhusu Erica, umenijibu "anakusalimu". Hilo si jibu la swali nililouliza.

Damas, fundi mkuu

*

Bahi
17 Mei 1998

Kwa fundi mkuu,

Mbukwa. Tuko wazima, bibi yako ana mafua. Mpangaji mwenzako mpe malapa yake.

Gunia arobaini! Nimesoma barua yako mbele ya watu, sehemu hiyo tu. Kefa akapiga kofi pajani. Zimegawiwa hapohapo: Mwanasha kumi, Mazengo kumi na tano maana ana wake wawili, wengine zilizobaki. Mimi nitakaa juu kama ulivyosema, nimeshatafuta blanketi.

Jumatatu yake watu walitoka na majembe. Wamesema lori la mjukuu wa Bartolomayo haliwezi kuzama kama ng'ombe. Wanatengeneza barabara kutoka stesheni, inapita kandokando ya shamba langu mpaka kwa Mazengo. Wanakata miba, wanajaza mashimo mawe na kifusi. Sijaona watu wa hapa wakifanya kazi hivi tangu walipolazimishwa.

Ila nikueleze, mvua zimekatika ghafla, udongo umekauka na kupasuka. Mtu anaingiza mguu mzima kwenye ufa. Kwa hiyo yale ya matope uyaache, uweke ya pakavu, wewe si ndiye fundi.

Mwaka huu ndege wamekuja kimya sana, nashangaa. Wanakula ndipo unajua wapo. Erica hajambo.

Bartolomayo

*

Majengo, Dodoma
28 Mei 1998

Babu,

Shikamoo. Mke wetu anywe chai ya tangawizi. Sisi wazima.

Sasa mimi sielewi tena. Nimekaa siku nne nabandika makucha ya gambuti, vidole vimeshikana na gundi mpaka nakula ugali kama bata, halafu wewe unasema pamekauka! Ukisema matope mimi niko pakavu, ukisema pakavu mimi niko kwenye matope. Na barua yako ni ya siku kumi na moja nyuma, nani ajuaye kama leo mvua imerudi? Huku jana imenyesha. Nimefanya hivi: mbele nimeweka laini, nyuma makucha. Nikarudisha meno kumi na sita. Nikaliwasha. Mbele likateleza, nyuma likashika, likasimama wima kama mbuzi anayekula majani ya juu, na gia ya fotokopi ikasagika, meno yote, ikabaki mviringo kama kifungo cha koti. Nikaketi chini. Mbwa wakanitazama.

Sasa nakutumia lori lenyewe kwa Halfani, limo ndani ya boksi la sabuni. Gia natafuta nyingine. Wewe lisukume kwa mkono juu ya udongo wako, ule wa leo, siyo wa mwezi uliopita, uone matairi yapi yanashika na yapi yanateleza. Kisha unijibu nijue meno mangapi.

Na hii barabara ni ya nini? Mara gunia, mara blanketi, nimecheka sana, lakini sasa utani wako umekuwa mrefu, sijui mwisho wake uko wapi. Mimi naandika kwa kunyooka. Lori lina urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Na Erica yuko shule au yuko kwenye dungu? Ukiandika tena "hajambo" nakuja kumchukua bibi moja kwa moja.

Damas

*

Bahi
8 Juni 1998

Mjukuu wangu Damas,

Nakusalimu bila utani leo. Bibi yako amepona.

Halfani alileta boksi Jumamosi. Nilisema moyoni, huyu kijana katanguliza spea. Nikafungua. Nikatoa kigari. Nikakaa nacho magotini, nikatazama tena ndani ya boksi, nikalipindua, nikalikung'uta. Bibi yako akasema, "Bartolomayo, unatafuta nini?" Nikamwambia, natafuta lori. Akasema, "Si hilo hapo? Mtoto alikuambia linakaa juu ya meza." Akaenda kuliweka mezani, na kikombe pembeni. Kikombe kilipata nafasi.

Damas, ile ya meza ilikuwa kweli! Ungenipa ishara gani nijue? Maisha yako yote hujaniambia la kweli, ukaanzia hapo! Na mimi nilipouliza gunia ngapi nilikuwa nauliza kweli, wewe ukanijibu arobaini.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa kuna jambo. Tangu barabara ifike kwangu, watu wako pembeni ya shamba langu kutwa. Wanapiga sururu, wanaimba, wanapika uji palepale, watoto wanakimbizana, Kefa anapiga filimbi kama refa. Moshi na kelele. Hakuna ndege hata mmoja anayethubutu kutua. Erica alikaa juu ya dungu siku mbili hana wa kumfukuza. Siku ya tatu nikamwambia, shuka, kavae sare. Yuko shule tangu tarehe ishirini na tano ya mwezi uliopita. Mwalimu amesema akitimiza mwezi bila kukosa atapeleka jina.

Uliniuliza kwa nini anaamia yeye na mimi niko wapi. Macho, mjukuu wangu. Yote mawili yameingia ukungu tangu mwaka jana. Ndege simwoni mpaka aruke. Barua hizi naandika kwa herufi kubwa, umeziona, ukadhani najidai. Bibi yako hawezi kupanda dungu. Nilikuwa sina mwingine. Sikupenda kukuandikia hilo, ungekuja na kuacha kazi. Kazi yenyewe Halfani kanieleza: unaziba pancha nje ya ukuta wa gereji, ndani hawajakuruhusu. Tuko sawa, kila mmoja alificha lake.

Boksi liko chini ya kitanda. Watu wakijua, watatupa majembe waende nyumbani, ndege watarudi siku hiyohiyo, na Erica atarudi nao. Nifanye nini? Wananiuliza kila jioni, "Mzee, mjukuu yuko wapi?" Sitaki kuwadanganya, ni majirani zangu. Lakini niandikie kitu cha kuwasomea.

Babu yako

*

Majengo, Dodoma
15 Juni 1998

Babu, shikamoo. Leo nakuamkia mara mbili.

Halfani mdomo wake ni behewa lisilo na mlango. Ndiyo, niko nje ya ukuta. Lakini ni pancha za magari makubwa.

Barua yako nimeisoma nikacheka, kisha nikafika kwenye macho nikaacha kucheka, kisha nikarudi kwenye kikombe nikacheka tena. Sijui hata nijisikieje. Kuna daktari wa macho anayekuja mjini mwezi wa nane kwenye hospitali ya misheni. Utakuja, sikuulizi.

Hii hapa chini ndiyo ya kuwasomea watu. Nimeiandika kwa karatasi nzuri. Na sikiliza, mume mwenzangu, humo hakuna uongo hata wa neno moja. Nimeipitia mara tatu. Nimeacha tu kutaja urefu, na hakuna aliyeuliza urefu. Hili nalo litashusha roho yako: ulinambia wanunuzi hawaji kwa sababu njia ni mbovu. Barabara ikiisha, njia siyo mbovu tena. Kwa hiyo wachimbe, hawachimbi bure, na wewe usiwazuie.

"Kwa Mwenyekiti Kefa na wananchi wote wa Bahi. Salaam. Lori limechelewa kwa sababu za kiufundi. Gia ndogo ya injini, iliyokuwa na meno kumi na sita, imesagika katika majaribio kwa kuwa matairi ya nyuma yalishika kuliko ya mbele. Gia ya aina hiyo haipatikani Dodoma wala Dar es Salaam, nimeuliza. Ninafikiria kurudi kwenye meno kumi na tatu, ambayo yana nguvu zaidi, ila mwendo unapungua. Matairi nayo hayajaamuliwa, kwa sababu udongo wa kwenu unabadilika kila barua. Yenye makucha yanafaa matope lakini kwenye ardhi ngumu yanalifanya lori liruke. Laini yanafaa ardhi ngumu peke yake. Siwezi kuchagua mpaka barabara iwe na hali moja kutoka stesheni hadi mwisho. Wenu, Damas."

Isome polepole, hasa pale kwenye meno.

Damas

*

Bahi
26 Julai 1998

Kwa Damas, mjukuu wangu na mume mwenza,

Mbukwa. Tu wazima wote. Mke wetu anakusalimu kuliko inavyofaa.

Nilisoma ile karatasi chini ya mti wa mkutano, bibi yako akininong'oneza pale nisipoona. Ilipofika kwenye meno kumi na tatu watu walivua kofia kama wako ibadani. Mwanasha ndiye aliyeuliza, "Sasa yeye anataka barabara iweje?" Nikamsomea tena mstari wa mwisho: hali moja kutoka stesheni hadi mwisho. Mazengo akasema, "Kijana ana haki. Sisi tumejaza mawe huku, kule tumejaza mchanga, gia itakubali vipi?" Wakaanza upya kutoka stesheni. Walikuwa pale mpaka siku tunavuna, na mimi nikavuna pamoja nao nikiwa sijapoteza shuke. Jina la Erica limekwenda. Mwalimu alinipa mkono mwenyewe, akasema huyu mtoto hajakosa siku moja. Mtihani ni Septemba. Anasoma kwa kibatari mpaka bibi yako anakipuliza kizimike.

Mtoto aliliona boksi akifagia. Aliuliza, "Babu, hiki ndicho?" Nikasema ndicho. Akalirudisha, akafagia upande wa pili, hajamwambia mtu. Kweli kichwa anacho.

Nitakuja mwezi wa nane kwa huyo daktari. Andaa godoro, na ujenge ukuta wa choo.

Sasa la mwisho. Wiki iliyopita tulisikia mngurumo stesheni. Lori kubwa, la mnunuzi kutoka Singida, amesikia kuna barabara. Likapita polepole mbele ya shamba langu mpaka kwa Mazengo, halikuzama popote. Watu walipakia kutwa nzima, hakuna aliyebeba gunia kichwani. Wanawake wanapiga vigelegele, watoto wananishika mikono, wananipongeza mimi! Nilijaribu kusema kwamba hili ni la mtu mwingine, nilisema mara mbili, wakacheka, wakasema mzee anatania. Lilipokuwa linaondoka limejaa, Kefa akanipigia kelele kutoka juu ya gunia:

"Mzee Bartolomayo! Mbona mjukuu mwenyewe hayumo?"

Nikamwambia, "Yuko mjini, anatengeneza jingine."

Babu yako,
Bartolomayo